Kinakuja na Maji Gani?

Ijumaa ya Mei 3, 2024 nilimpigia simu bibi yangu, yuko Kilwa Kivinje. Nilikuwa mwaka wa kwanza, nasomea ualimu wa Jiografia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kwamba kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu. Baada ya shikamoo nikamwambia, "Bibi, kuna kimbunga kinakuja. Msitoke kwenda pwani." Akaniuliza swali moja tu: "Kinakuja na maji gani, mwanangu? Bamvua au maji mafu?"

Nikakwama. Mimi, mwenye A ya Jiografia kidato cha nne na cha sita, sikuwa na jibu.

Kwa mliokulia bara, nieleze kidogo. Bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bahari hujaa sana, kisha hukupwa sana, na hapo ndipo kina bibi hushuka kuchokoa pweza. Wiki moja hivi baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu. Bahari haijai sana wala haitoki sana. Mtoto wa Kivinje anayajua haya kabla hajaanza darasa la kwanza.

Nami niliyajua. Tatizo ni kwamba sekondari niliyasoma tena kwa Kiingereza, na jina la Kiingereza la bamvua lina neno ambalo pia ni majira ya machipuko. Hakuna aliyetuambia kwamba hili ndilo bamvua letu. Basi nikakariri, nikiamini ni maji ya Ulaya yanayokuja mwezi wa tatu theluji ikiyeyuka. Mtihani ukaja, nikajaza, nikapata. Kumbe nilikuwa nimefaulu kitu nisichokijua, huku ninachokijua kimekaa nyumbani kwa bibi.

Sasa tazameni swali lake lilivyokuwa na akili. Kimbunga hakileti upepo na mvua tu. Kinasukuma bahari ipande nchi kavu. Maji hayo yakikutana na bamvua lililojaa, nyumba za ufukweni hazina salama. Yakikuta maji mafu, kuna nafuu. Hidaya ilifika Mafia Jumamosi ya Mei 4, na mwezi mpya ulikuwa Mei 8. Kwa hiyo jibu sahihi lilikuwa: "Bado hatujafika bamvua, bibi, lakini maji yameanza kukua." Kingechelewa siku nne tu, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Hata hivyo mvua ilituumiza vya kutosha. Barabara kuu ikakatika Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar kwa siku kadhaa.

Na vimbunga vyenyewe tulivisoma vipi? Madesa yetu yalisema vinapiga Karibi na Bangladeshi. Lindi haikutajwa. Lakini Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019, nikiwa kidato cha tatu, Kenneth alikuja hadi jirani, watu wa mikoa ya kusini wakaambiwa wajihadhari, kisha akashukia Cabo Delgado, Msumbiji. Miaka mitano baadaye Hidaya. Sababu ipo kwenye silabasi ileile: karibu sana na Ikweta, chini ya nyuzi 5 hivi, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo uwe kimbunga. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini, Lindi nyuzi 10. Tuko mlangoni. Vinakuja mara chache, ila vinakuja. Mwalimu alihitaji dakika tano na ramani ya Tanzania kutuambia hivyo.

Najua mtakavyonijibu. Mtihani ni wa Kiingereza. Darasa lina wanafunzi themanini. Hela ya safari ya mafunzo haipo. Kweli kabisa, na simlaumu mwalimu wangu. Naye alifundishwa hivyohivyo, akapewa kitabu kimoja na silabasi ya kumaliza. Wala sisemi tuache kusoma Kanada na bonde la Tennessee. Mtu wa Kilwa ana haki ya kuijua dunia nzima. Nasema aanzie alipo, ndipo aende. Bahari haina kiingilio. Mwanafunzi akipigilia mti wenye alama ufukweni, akaandika maji yamefika wapi kwa mwezi mmoja na mwezi wa mbinguni ukoje, amesoma mada nzima bila senti. Baadaye mpe lile neno la Kiingereza. Atalishika, kwa sababu sasa lina kitu ndani yake.

Hapa nawalenga hasa wenzangu wa ualimu. Muda wa TP ukifika, wengi tunaenda na madesa yaleyale tuliyokaririshwa, tunawamwagia watoto, tunasubiri mkaguzi apite, tunarudi chuo. Tukifanya hivyo, na sisi tunazalisha akina mimi: A kwenye cheti, kimya kwenye simu. Kabla hujaandika andalio la somo, tembea kijijini siku moja. Waulize wavuvi na kina mama wanauitaje upepo, maji na udongo. Ukiwa Kilwa utapewa kusi, kaskazi, bamvua. Ukiwa kwingine utapewa maneno ya huko. Anza somo na hayo.

Mwaka huu nitaomba TP Kilwa. Bibi nimeshamwambia. Amesema nikifika, somo la kwanza ni lake, na niende na kiroba cha kubebea pweza.