Tabaka iko hapo tu

Wasee, mbona harusi zetu huku Kisii na Nyamira zinapambwa na maua ya plastiki kutoka Nairobi? Tabaka iko hapo tu. Wanaume wanachonga jiwe likiwa bado na unyevu, akina mama wanalisugua kwa msasa na maji ndani ya beseni, kisha linapakwa nta ling'ae. Kazi ya Elkana Ong'esa wa Tabaka ilifika makao ya UNESCO kule Paris. Kwa meza ya bibi harusi Nyamira, wapi!

Dadangu alipoolewa Desemba, tuliweka vinara vya jiwe mezani. Wageni waliondoka navyo kwa mifuko (hakuna aliyeuliza, lakini sawa). Kinachoniuma ni vile tulimbana fundi bei mpaka akanyamaza. Tenti tulilipia bila neno.