Bukavu: Si kila mguu wa mzazi unaovimba ni karuho

Mjini Bukavu, mzazi akivimba mguu mmoja siku chache baada ya kujifungua, mara nyingi neno la kwanza nyumbani ni karuho. Jirani aliyemletea uji anaanza kutazamwa vibaya, na pesa ya hospitali inapelekwa kwa mtu wa kutapisha. Hilo ni kosa, na kosa hilo linaua.

Mwili wa mwenye mimba hufanya damu igande upesi kuliko kawaida, ili mama asivuje sana wakati wa kuzaa. Hali hiyo hudumu majuma 6 hivi baada ya mtoto kuzaliwa. Mama aliyepasuliwa, anayelala siku nyingi bila kutembea, yuko hatarini zaidi: damu inapita polepole miguuni, na donge linajitengeneza ndani ya mshipa, mara nyingi upande wa kushoto. Mguu huo unavimba, unauma, unapata joto. Ule mwingine unabaki kawaida.

Hapo bibi na mashangazi wanaukanda kwa maji moto. Wanafanya kwa mapendo, lakini kuukanda kunaweza kung'oa donge. Likitoka linafuata damu, linapita moyoni na kukwama kwenye mapafu. Mama aliyekuwa ananyonyesha asubuhi anakosa pumzi, kifua kinamchoma, anazimia. Anaweza kufa kabla pikipiki haijafika. Na kwenye matanga, wanaosema karuho wanaona wamepata ushahidi.

Dawa ipo. Ekografi ya mguu inaonyesha mshipa ulioziba. Sindano za heparini zinazuia donge lisikue, na mwili wenyewe unaliyeyusha polepole. Kisha vinafuata vidonge kama warfarini, miezi 3 au zaidi, pamoja na kupimwa damu, kwani dawa ikizidi mgonjwa anavuja. Dawa hizo mbili hazimkatazi mama kunyonyesha. Kutapisha hakufikii donge lililo ndani ya mshipa.

Ni kweli hospitali ni ghali. Lakini mtapishaji naye hatibu bure.

Materniti nazo zina sehemu yao. Mama anaporudi nyumbani anaambiwa siku ya chanjo ya mtoto. Kuhusu mguu wake, wengi hawaambiwi kitu. Kumwambia atembee tangu siku ya kwanza, na arudi mbio mguu mmoja ukivimba, hakuhitaji mashini wala pesa ya mfadhili.