Mmejenga ghorofa ya glasi, nani ataiosha?

Wasee wa Nakuru, siku moja mkitembea Kenyatta Avenue toeni macho kwa simu muangalie juu. Mimi niliangalia wiki iliyopita, kwa jengo moja hapa taon. Ghorofa ya nne, jamaa amekalia kipande cha mbao kilichoning'inizwa kwa kamba ya manila, ndoo iko kando yake, anaosha dirisha. Kofia hana, mkanda hana. Mlinzi wa hapo ananijua, nikapanda mpaka juu nione kamba imefungwa wapi. Imefungwa kwa bomba la tanki la maji!

Nikamuuliza keateka. Akanijibu, "Kijana, hapo ndipo tumekuwa tukifunga. Akiogopa, kuna wengine wako getini."

Hasira ilinishika, lakini si kwa keateka. Yeye hakuchora hilo jengo.

Aliyelichora alijua Nakuru ni vumbi. Hata jina lenyewe inasemekana limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Ukibandika glasi ghorofa sita kwa mji kama huu unajua zitaoshwa kila mara. Unajua gata zitaziba, bango litataka rangi, paneli za sola zitafutwa. Sasa mbona kwa ramani kuna paking, kuna lifti, kuna hadi chumba cha jenereta, na hakuna popote pa kusimama mtu wa kuosha?

Ukitaja jukwaa la usalama watu wanadhani ni mambo ya Dubai. Kwani ni nini? Vyuma viwili vinatokeza juu ya paa, nyuma vimezuiliwa na uzito uliopigiwa hesabu, vinabeba jukwaa lenye reli pande zote. Chini ya reli kuna ukingo, spana isimwangukie mama anayeuza njugu pale chini. Halafu, na hii ndiyo watu huruka, mfanyakazi ana kamba yake nyingine, imefungwa mahali pake, si kwa hilo jukwaa. Jukwaa likikatika, yeye anabaki akining'inia. Na lazima liundwe kulingana na jengo: lenye baraza iliyojitokeza ghorofa ya pili haliwezi kutumia kitu kilekile cha jengo lililonyooka kama sanduku.

Paa nalo? Ile shiti ya plastiki ya kuingiza mwanga ikichomwa na jua miaka kadhaa inakauka, inafifia, inafanana na mabati. Fundi anaikanyaga, anapita nayo mpaka chini. Njia ya chuma yenye reli ingezuia hiyo.

Sheria iko. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe njia ya kufika ni salama na pa kufanyia kazi ni salama. Ile ya fidia, pia ya 2007, inaweka mapato ya miezi 96 kwa familia ya aliyekufa kazini. Sasa jaribu kudai miezi 96 ya kibarua aliyeokotwa getini asubuhi, akalipwa mkononi, na kwa daftari ameandikwa "Kevo wa ndoo".

Mtaniambia ni gharama. Kuweka vyuma vya kufungia kamba kabla slabu haijamwagwa ni kitu kidogo ukilinganisha na bei ya hiyo glasi. Kuviweka baadaye ndiko ghali: unatoboa slabu, unaharibu tabaka la kuzuia maji, unaita injinia apime upya. Hiyo gharama mnayolilia mliitengeneza wenyewe. Na wa kuunda wako hapa hapa. Injinia achore na apige hesabu, welda wetu wachomee, lijaribiwe kwa uzito kabla mtu hajapanda. Mnajua ni wasee wangapi walisomea hii kazi na sasa wanaendesha boda?

Tulipewa hati ya jiji 1 Desemba 2021, la nne Kenya. Basi kaunti kabla ya kupitisha ramani iulize: dirisha la ghorofa ya tano litaoshwaje? Kama jibu ni "tutatafuta kijana", ramani irudi kwa mwenyewe.

Jana nilipita tena pale. Madirisha yanang'aa, watu wanajipiga selfi mbele yake. Kamba bado iko kwa bomba.