Mshale wa Spidomita Usiposema Kweli

Juma hili tutaingia nyuma ya dashibodi. Magari makuukuu yangali yakionekana huku Busia na Tororo: Peugeot 504, Land Rover, Corolla za zamani, hata Volkswagen zile zenye mgongo wa duara. Askari aliyenunua gari la namna hiyo kwa akiba yake hubadilisha oili kwa wakati na huliosha kila Jumapili, lakini spidomita ikifa husema, “Si kitu, mwendo naujua kwa masikio.” Masikio hayapimi kilometa. Dereva aliyekuja mbio tangu Bugiri kwa kilometa 90 kwa saa, akipunguza hadi 60 hujiona anatambaa, na ndivyo anavyoingia mjini penye watoto wa shule na wenye baiskeli. Tena asiyejua amekwenda kilometa ngapi, oili hiyo ataibadilisha kwa hesabu gani?

Anayetaka kuielewa spidomita na aitazame bodaboda, ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Katika pikipiki nyingi utaona waya mweusi ukitoka kwenye gurudumu la mbele na kupanda hadi kwenye saa ya mwendo. Gari la zamani hufanya vivyo hivyo, ila kwa kawaida waya wake huanzia kwenye giaboksi. Ile Volkswagen ndiyo huutoa kwenye gurudumu moja la mbele.

Ndani ya ganda hilo jeusi mna waya wa chuma uliosokotwa, nao huzunguka gari linapokwenda. Mwisho wake wa juu huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, bali mzunguko wake huzaa umeme mdogo katika alumini, na umeme huo hukivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kisizunguke moja kwa moja, na mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Mjerumani Otto Schulze alipewa haki ya uvumbuzi huu mwaka 1902. Lakini zile namba za kuhesabia mwendo haziendeshwi na sumaku. Huzungushwa na meno. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa ulipo kabla hujamlipa fundi.

Ikiwa mshale umelala na namba nazo zimesimama, shuku waya. Fungua waya wa betri kwanza, kisha pitisha mkono nyuma ya dashibodi, fungua nati inayoushika waya wa spidomita na uuchomoe. Mtu alisukume gari polepole mbele huku gia ikiwa huru, nawe utazame ncha. Ikizunguka, waya ni mzima na kasoro imo katika spidomita yenyewe. Isipozunguka, vuta waya wa ndani: ukitoka mfupi, wenye ncha iliyochanika, umekatika, na kipande kilichosalia kitatolewa upande wa chini. Ukitoka mzima, tazama kama umelegea kule chini, au kama kigia cha plastiki kinachouzungusha kimekwisha meno. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Ikiwa namba zinakwenda lakini mshale umelala, usipoteze fedha kununua waya, kwa maana waya unafanya kazi. Kilichoharibika ni mshale, springi au kikombe, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mikono mitulivu kama ya fundi saa.

Mshale unaorukaruka huku ukilia tik-tik ni ugonjwa wa waya mkavu au uliopindwa mno. Utoe, uufute, uuviringishe juu ya meza iliyo sawa. Ukirukaruka pale mezani, umepinda, nunua mwingine. Ulionyooka upake grisi kidogo sana, ila sentimeta 20 za juu uziache bila grisi. Watu wengi huiharibu spidomita nzima hapo: grisi hupanda, huingia kati ya sumaku na kikombe, na mshale hukimbilia juu wakati gari linatembea taratibu. Ukikuta oili ya giaboksi imepanda ndani ya ganda, badilisha sili ya kule chini kwanza.

Ninaloliogopa zaidi ni spidomita inayotembea vizuri lakini inadanganya. Mtu huokota spidomita ya gari jingine kwa wauza vyuma chakavu, akaifunga, mshale ukapanda, akafurahi. Lakini kila gari lina hesabu yake ya mizunguko ya waya, na katika spidomita nyingi za Kiingereza hesabu hiyo imechapwa kwa namba ndogo usoni. Ilinganishe na ile ya zamani. Matairi makubwa kuliko yale ya asili nayo huufanya mshale usome pungufu. Tena magari mengi ya kale husoma maili. Anayeingia Busia upande wa Kenya, ambako kikomo mjini ni kilometa 50, huku mshale wa maili ukionyesha 50, anakwenda kilometa 80. Na Uganda, kwa kanuni za mwaka 2024, kikomo karibu na shule na hospitali ni kilometa 30.

Kipimo cha kweli hakihitaji fundi. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na msongamano, penye nguzo za kilometa zilizosimama. Shika mwendo mmoja, hesabu sekunde toka nguzo hata nguzo, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 72 ni kilometa 50 kwa saa. Sekunde 60 ni kilometa 60. Sekunde 45 ni kilometa 80. Saa ishikwe na mama watoto au mtoto mkubwa, dereva atazame barabara.