Kwani Katuni Zimekosa Nini?

Waama, akutukanaye hakuchagulii tusi. Nimeitwa majina mengi tangu ijulikane kwamba likizo ya Agosti nilisafiri kutoka Nakuru hadi Nairobi kwenda kwenye tamasha la vitabu vya katuni. Wa kwanza aliniita mtoto. Wa pili akasema nina pesa za kuchezea. Mwalimu mmoja (simtaji, heshima si utumwa) aliniuliza mbele ya darasa zima kama katuni zitanifanyia mtihani wa KCSE. Darasa likaangua kicheko. Basi msomaji mpenzi, nisikilize kwanza, kisha unicheke ukitaka.

Wengi wanadhani nilikwenda kutazama sinema za watoto. La hasha! Tamasha la katuni ni ukumbi ambamo wachoraji na waandishi wa hadithi za picha huketi nyuma ya meza, wakiuza kazi ya mikono yao, na wasomaji huja kuwaona ana kwa ana Jumamosi na Jumapili. Wengine huja wamevaa kama wahusika wanaowapenda. Jambo hili halikuzuka jana. Kule San Diego, Marekani, lilianza mwaka wa 1970 kwa watu wapatao 300 hotelini, na siku hizi wanaohudhuria huzidi 130,000. Kule Tokyo, Ujapani, walianza Desemba 1975. Watu walichora vitabu vyao wenyewe wakauziana, na wengi wa waliofika siku ile walikuwa wasichana wa shule. Wasichana wa shule, jamani! Leo watu hujaa huko kwa malaki.

Kuhusu hizo pesa za kuchezea: hakuna aliyenipa. Mwaka uliopita nilichora kadi za kuwatakia watahiniwa mafanikio, nikaziuza shilingi 30 kila moja. Waliozinunua ni hao hao wanaosema kuchora hakuna faida. Mama naye alikubali shingo upande, kwa masharti mawili, kwamba kaka yangu anisindikize na kwamba giza lisitukute njiani. Simlaumu. Nauli na kiingilio kwa pamoja kwetu ni unga wa siku nyingi, na binti wa miaka kumi na sita hatumwi Nairobi kama anayetumwa dukani. Tulirauka alfajiri na mapema, matatu ikajaa, tukapita Gilgil na Naivasha, na yapata saa tatu tulikuwa tumeshuka Westlands. Sisi wa shule ya kutwa tunadharauliwa na wenzetu wa bweni, lakini siku kama hiyo ndiyo utajua nani ana uhuru.

Nilivaa kama Mekatilili wa Menza. Nilizikunja leso mbili za mama marinda marinda kuiga hando la Wagiriama, nikavaa shanga, nikashika kifaranga nilichokishona kwa kitambaa. Inasimuliwa kwamba mama huyo alimwambia afisa wa Kiingereza ajaribu kumnyang'anya kuku kifaranga aone atakavyodonolewa. Ndivyo Wagiriama watakavyowatetea vijana wao. Hayo yalikuwa mwaka wa 1913. Basi unajua watu waliniuliza nini pale ukumbini? Wanne, tena Wakenya, waliniuliza kama natoka Wakanda! Wakanda ni nchi iliyobuniwa mwaka wa 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby. Haipo. Mekatilili alikuwepo. Alihamishwa mpaka Kisii, akatoroka 1914, akarudi kwao Giriama kwa miguu. Nikawaeleza wote wanne kinaga ubaga, na mmoja akaniomba tupigwe picha.

Sasa niwaulize wanaocheka. Kila mwaka shule hupeleka wanafunzi kwenye tamasha la drama. Wanapakwa rangi usoni, wanavaa magunia na manyoya, mwalimu mkuu anapiga makofi. Katika fasihi simulizi mavazi hayo tunayaita maleba, na tunapewa alama kwa kuyataja. Mbona maleba yakivaliwa Westlands yanaitwa wazimu?

Au ni hadithi zenyewe? Tunafundishwa mighani kidato hiki hiki. Lwanda Magere wa Waluo hakupenyeka kwa mkuki, siri ilikuwa kwenye kivuli chake. Fumo Liyongo hakuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, tena kwa mkono wa jamaa yake. Superman, aliyetoka mwaka wa 1938, naye ana jiwe lake la kumlegeza. Jagina na udhaifu wake mmoja uliofichwa: ni mambo yale yale. Anayeelewa katuni hasumbuliwi na swali la sifa za majagina. Mimi kwa swali hilo sijawahi kukosa alama.

Hata hivyo, kuna jambo moja lililoniuma huko, nami sitalificha kwa sababu nalipenda tamasha. Nilizunguka meza zote nikitafuta kitabu kimoja tu cha Kiswahili. Sikukipata. Mchoraji mmoja kijana, mpole sana, aliniambia ati Kiswahili hakinunuliki. Hakinunuliki vipi? Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa Kiswahili katika gazeti la Taifa kwa miongo mingi, na babu yangu alikuwa akianza na ukurasa huo kabla ya habari za siasa. Shujaaz walipoanza mwaka wa 2010 kwa Sheng, vijana walinyang'anyana nakala. Watu husoma lugha wanayoizungumza.

Tena kuna yule Storm wa X-Men, anayetawala mvua na upepo. Alibuniwa 1975, na mama yake katika hadithi ni Mkenya. Jina lake ni Ororo. Mwanachama wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba kitu chororo ni kitu laini. Binti wa mama Mkenya, jina linaingia kwenye kamusi yetu kama mkono kwenye glavu, na mimi sijashika hata hadithi yake moja iliyochapishwa kwa Kiswahili! Ningemwita Dhoruba, na radi zake zingelia kwa tanakali zetu.

Kwa hivyo ombi langu kwa mlezi wa chama ni hili. Basi la shule lina viti vingi na tamasha lijalo liko ndani ya likizo, kwa hiyo hakuna kipindi kitakachopotea. Tukichanga mafuta, wanachama ishirini wataweza kwenda na kurudi siku moja, wakiwa na mwalimu, na akina mama hawatakesha langoni. Wala tusiende mikono mitupu. Wanne wetu tumeanza kitabu cha Mekatilili chenye kurasa 24. Kumi na moja zimekamilika, na maneno yote yaliyomo ni Kiswahili, hata ya yule afisa. Tunahitaji karatasi za kutolea nakala, na mtu mwenye mwandiko mdogo unaosomeka wa kujaza viputo vya maneno. Tunakutana darasa la 3 Mashariki baada ya chakula cha mchana, isipokuwa Ijumaa. Anayejua kuchora kuku wa kienyeji aliyekasirika aje haraka, maana wangu wote wanafanana na bata.