Umoja wa makanisa ufike mitaani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wakristo wenzangu. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 25 Januari, makanisa mengi duniani huadhimisha Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo. Mtaani kwetu wiki hiyo hupita kimya, kisha Jumapili vipaza sauti vya makanisa mawili jirani vinashindana hadi hakuna mahubiri yanayosikika.

Si kwamba hatujui kushirikiana. Mwaka 1992 Wakatoliki na makanisa ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, inayoratibu shule na hospitali zao. Mwaka 1999 Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, hoja iliyowagawa tangu karne ya 16. Ni waumini wangapi wameisikia habari hiyo mimbarini?

Msibani tunaweza. Mama wa Kipentekoste anakuna nazi, wa Kianglikana anachambua mchele, kwaya ya Kilutheri inaimba, na marehemu ni Mkatoliki. Halafu anasimama mhubiri kando ya jeneza na kudai kuwa walio nje ya dhehebu lake wamepotea. Huko ni kuwaumiza wafiwa, na hakuna Injili inayoruhusu.

Siombi tufute tofauti zetu za sakramenti. Nawasihi mapadri na wachungaji: Januari ijayo andaeni ibada moja ya pamoja katika kila mtaa, na mtutangazie mapema.

Msomaji wako,
Moshi