Uhalisi-Mseto na Magofu ya Waswahili: Nani Atakayesimulia?

Uchimbuaji wa kiakiolojia una kitendawili chake: mwanaakiolojia hulijua tabaka la udongo kwa kuliondoa. Maji yakimwagika hayazoleki; tabaka likishafukuliwa, husalia vipimo, michoro na picha tu. Ndiyo maana teknolojia ya uhalisi-mseto, dhana iliyofafanuliwa na Paul Milgram na Fumio Kishino mwaka wa 1994, inastahili kupokewa kwa mikono miwili. Picha nyingi zilizopigwa kutoka kila upande huunganishwa na kompyuta zikawa umbo la vipimo vitatu. Mtazamaji aliyevaa miwani maalumu huliona umbo hilo limesimama juu ya ardhi halisi anayoikanyaga.

Shanga ni mfano mwafaka. Katika mji huo uliohamwa, kisiwani Pate, Mark Horton alichimbua kati ya 1980 na 1988. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe aligundua mabaki ya misikiti iliyoutangulia, ya mwanzo ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Mgeni azuruye magofu hayo leo huona kuta za mwisho tu. Kwa uhalisi-mseto angeuona msikiti wa miti, kisha ule wa mawe ukichukua nafasi yake, na kutambua kwamba mji huo haukuletwa ukiwa kamili kutoka ng'ambo, bali ulikua hatua kwa hatua papo hapo.

Hata hivyo, umbo zuri laweza kupotosha. Mashimo ya nguzo huonyesha nguzo zilikosimama. Hayasemi kimo cha paa. Kilichofukuliwa na kilichokisiwa havina budi kutofautishwa, pengine kwa rangi.

Kubwa zaidi ni suala la lugha. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka wa 1948, aliuita mji huo, katika anwani ya kitabu chake cha 1954, mji wa Kiarabu. Jina moja lilitosha kuwaweka Waswahili kando katika historia yao wenyewe. Ikiwa anwani ya kitabu ina nguvu hiyo, sauti isemayo masikioni mwa mtazamaji aliyesimama ndani ya jengo itakuwa na nguvu maradufu.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Dai hilo halina mashiko. Daka, msana, zidaka na boriti ni maneno ya nyumba za mawe za Lamu. Zinazopungua ni istilahi za mitambo, na kuziunda ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Gedi iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2024, hivyo masimulizi yake yatahitajika zaidi. Idara za Kiswahili zishirikishwe tangu siku ya kwanza ya uchimbuaji, si kuitwa mwishoni kutafsiri yaliyokwisha kuamuliwa na wengine.